Dia ya Aesop

Mbio za sungura na kobe, mbweha na zabibu: ngano hizi tunazisimulia kwa jina la Aesop wa Ugiriki, anayesemekana kuishi karne ya 6 KK. Wapo wanaoshikilia kwamba mtu huyo hakuwahi kuwepo, na hoja yao si nyepesi. Hakuacha hata mstari mmoja. Kwao, wengine husema Thrace, wengine Phrygia. Ngano ya mwewe na ndege mwimbaji aliyemkamata ilikwisha kuwemo katika utenzi wa Hesiod, mshairi wa Kigiriki, kabla yake. Na kile kitabu cha maisha yake, kinachomsawiri mwenye sura ya kutisha, tena bubu mpaka Isis, mungu wa kike wa Misri, alipomfungua ulimi, kilitungwa zaidi ya miaka 500 baadaye, na sehemu yake imechotwa kwenye hekaya ya Ahiqar, mshauri wa wafalme wa Ashuru.

Jina likishavuma, visa vya wengine hulifuata. Watu wa pwani wanalijua hilo kwa Abunuwasi, ambaye vituko vingi anavyohesabiwa sivyo vyake. Ila mshairi Abu Nuwas wa Baghdad alikuwepo kweli.

Kinachonishika mimi ni maneno machache ya Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki wa karne ya 5 KK. Akimzungumzia Rhodopis, kahaba maarufu, anataja kwa kupita kwamba alikuwa mtumwa pamoja na Aesop, kwa Iadmon wa kisiwa cha Samos. Ushahidi wake? Watu wa Delphi, mji wa Ugiriki ambako inasemekana aliuawa, walitangaza mara nyingi kwamba mwenye kudai dia ya Aesop, yaani malipo ya damu yake, ajitokeze. Hakujitokeza mtu ila mjukuu wa Iadmon, naye aliitwa Iadmon. Akaipokea yeye.

Mtunga hekaya angempa marehemu mtoto, ndugu, hata mjane wa kumlilia. Hapa hakuna. Dia ya damu inakwenda kwa ukoo uliommiliki, kama malipo ya ng'ombe aliyechinjwa na jirani. Wala habari hii haikuletwa kumtukuza Aesop, inamhusu Rhodopis.

Ni kweli, Herodotus aliandika zaidi ya miaka 100 baada ya kifo hicho, na mwaka 422 KK Aristophanes, mtunzi wa tamthilia, alikwisha kutia katika mchezo wake kisa cha Aesop kushtakiwa Delphi kwa wizi wa bakuli la mungu. Hekaya ilikuwa imeanza kumea. Bakuli na ububu sivitetei. Lakini mtumwa wa Samos aliyeuawa ugenini, asiwe na jamaa wa kudai damu yake, naamini alikuwepo.