Springla za kujificha na fundi rangi

Mwenye hoteli ya Raskazone, Tanga, akikuambia hataki kuona vichwa vya springla, vile vya darini vinavyozima moto kwa maji, kwenye korido yake, usimcheke. Ana hoja. Korido ni nyembamba, dari ya jipsamu iko chini, na humo hupita masanduku, ngazi na magodoro yaliyosimamishwa wima. Kichwa kilichojitokeza kikigongwa, kichupa chake cha kioo huweza kuvunjika na maji yakamwagika bila moto wowote. Cha kujificha kimezama ndani ya dari, kimefunikwa kwa kisahani bapa. Na mgeni hadhani amelala godauni.

Ndiyo maana vichwa vya wazi vimeanza kuonekana ushamba. Mimi bado niko upande wa huo ushamba, na sababu yangu ni rangi.

Kisahani hushikiliwa na lehemu inayoyeyuka kwenye nyuzi joto 57 hivi za Selsiasi. Kikishaanguka ndipo joto hukipata vizuri kichwa chenyewe, ambacho kwa kawaida hufunguka kwenye 68 au zaidi kidogo. Hatua mbili, na ya kwanza inataka kisahani kiwe huru kuanguka. Sasa tazama majengo ya Tanga. Kwa chumvi ya bahari na unyevu wa masika, rangi huvimba, hubanduka, na fundi huitwa tena. Anapanda na rola yake, anakuta vidude bapa darini, anavipitia pamoja na dari. Akiwa mtu wa kazi safi ndiyo balaa zaidi: anaona upenyo mwembamba pembezoni mwa kisahani, anauziba kwa puti. Upenyo ule uliachwa makusudi, hewa ya moto ipite. Mwenye jengo anakuja, anasifu, analipa.

Kichwa cha wazi nacho kikipakwa rangi kimeharibika, na hukwangui, unabadilisha. Lakini kinaonekana. Kichupa chekundu kikigeuka cheupe, mkaguzi wa Zimamoto atakinyooshea kidole akiwa amesimama chini.

Watetezi wa vya kujificha husema dawa ipo: visahani huagizwa vikiwa na rangi ya kiwandani, na kilichoharibika hubadilishwa bila kufunga maji. Kweli kabisa. Ila akiba iwe stoo, isiwe oda ya kusubiri meli, na awepo mtu wa kuvivua kabla fundi hajafungua kopo. Hoteli yenye mhandisi wa kudumu itaweza. Gesti ya Ngamiani inayookota fundi wa siku moja, sidhani.

(Wanaohofia korido nzima kulowa kwa moshi wa sigara moja waache sinema, kila kichwa hufunguka kivyake, kwa joto lake.)

Mapokezi, ficha upendavyo. Koridoni, anakopita mgeni aliyeamshwa na moshi saa nane usiku, ningefunga vile vya nusu kuzama: kichwa kimeingia darini kiasi cha kukwepa magodoro mengi, na kichupa bado kinaonekana.