Nilienda kudai elfu 20, nikarudi na elimu ya mfuniko wa kalamu

Jamani mi marafiki zangu wataniua. Jana jioni nimetoka nyumbani na jambo moja tu kichwani, namfuata fundi simu anirudishie elfu 20 yangu, kanikopa toka kabla ya Ramadhani, na mke wangu kashasema bila hela ya mkaa nisionekane. Nikamkuta kijiweni kwenye kahawa, katulia kwenye kile kiti cha plastiki kilichopasuka mguu kikashonwa na waya. Nikasalimia, nikapewa kikombe (na hivi vikombe visivyo na mkono, aliyevibuni alikuwa na vidole vya chuma?), nikakohoa kidogo.

"Fundi, ile habari yetu..."

"Ngoja kwanza. Hivi kwa nini soketi zetu zina tundu tatu na chaji ina meno mawili?"

Sasa mi nimeuliza soketi? Lakini ndo hivyo, moto umeshawaka. Kijana wa bodaboda akadakia eti tundu la juu ni urembo tu, yeye geto kwake anachomeka mfuniko wa kalamu pale juu, chaji inaingia yenyewe. Tukacheka. Mwalimu mstaafu hakucheka, akaweka kikombe chini, na mwalimu akiweka kikombe chini ujue hapo hutoki. Akasema ule mtindo ni wa Waingereza, toka 1947, lile jino la juu la ethi limefanywa refu makusudi, linatangulia kuingia linasukuma vile vizuizi vya ndani, ndo tundu mbili za chini zinafunguka, lengo mtoto asitie msumari akarushwa na umeme. Yaani watu wazima wamekaa na suti zao wakaumiza kichwa, halafu anakuja kijana wa boda na mfuniko wa kalamu anamaliza mjadala.

Hapo ndo nilipaswa kurudi kwenye hela yangu. Ila shetani ana njia zake, nikajisikia nasema, "Na huo mfuniko wenyewe, mbona una katundu nchani?" Mjinga mimi! Robo saa nyingine. Kumbe kale katundu ni kwa ajili ya mtoto akiumeza ukamkwama kooni, hewa ipite kidogo wakati anakimbizwa hospitali. Miaka yote hiyo nilijua kiwanda kinabana plastiki.

Nikajikaza. "Fundi, elfu 20." Akasema "poa poa kaka," akatoa simu. Moyo ukatulia, nikajua muamala huo unakuja, hadi nikashika simu yangu nisubiri meseji. Akanigeuzia kioo. "Angalia hapa. Kwenye simu, namba moja iko juu. Kwenye kalkuleta, namba moja iko chini. Kwa nini?"

Wallahi nilitaka kulia. Ila nikaangalia. Ni kweli bwana! Muuza duka jirani akaja na kalkuleta yake, tukaviweka pamoja kama tunalinganisha mapacha. Mwalimu akashusha tena kikombe, eti kalkuleta zilirithi mpangilio wa zile mashine za zamani za kujumlisha, ila watu wa simu kule Marekani, maabara ya Bell, miaka ya 1950 waliwajaribisha watu mipangilio kibao, ndo wakaangukia ya moja juu. Hakuna aliyewaza kuwapatanisha. Sasa nimeelewa kwa nini nilihesabu vibaya hela za kikoba mwaka juzi wakaniita mwizi, kumbe vidole vilikuwa vinapiga simu!

Nageuka nimshukuru fundi kwa kunisafishia jina, kiti kitupu. Kaondoka na boda, ya yule yule kijana. Muuza kahawa ananiangalia mimi: vikombe saba na kashata. Mwalimu kainamia gazeti, ghafla haoni wala hasikii. Nikalipa.

Nimefika nyumbani mama watoto kasimama mlangoni, mkono kiunoni. "Hela iko wapi?"

Sijui ilinitokaje. "Mke wangu, hivi ushawahi kuangalia kufuli kwa chini? Kuna katundu kadogo pembeni ya tundu la ufunguo..."

"Kanatoa maji ya mvua lisishike kutu," akasema. "Utakaona vizuri, leo unalala huku nje nalo."