Kubeba adungu ndiyo kazi yenyewe

Makala niliyosoma imemsifu mpiga adungu (kinubi cha nyuzi) wa hapa Kampala kwa kutopumzika mwezi mzima: leo Ntinda, kesho harusi Mukono, na usiku asio na kazi anaenda kuwasikiliza wenzake. Hiyo ya mwisho imenigusa. Mimi hupiga adungu ya besi, hii ya Waalur wa kaskazini-magharibi mwa Uganda, kubwa kama mtumbwi. Wa bodaboda anakataa, teksi inakutoza viti viwili. Ukifika, nyuzi zimelegea, unakaza vigingi huku wageni wameshakaa mezani. Mwezi uliopita mwenye sherehe mmoja alinilipa pilau na soda, eti salio Jumatatu. Jumatatu zimepita nne! Lakini nikisikia kadodi, ngoma ya Wagisu wa kule Mbale, inapigwa mtaani, naifuata tu, hata kwa miguu.