Chumvi ya wifi

Mwezi uliopita nilikwenda Newala kumwona wifi yangu, mimba ina miezi minne. Jikoni chumvi yake imo kwenye kopo lisilo na kifuniko, chembe nene za kijivu zilizoanza kutoa maji. Anainunua gulioni, inapimwa kwa kikombe kutoka kwenye gunia lililopanda na gari kutoka pwani. "Hii ya mawe ndiyo chumvi, wifi," akaniambia. "Ile ya pakiti haikolei."

Sikubishana. Nami nilikuwa nasema hivyohivyo.

Kliniki wanamsisitiza vidonge vya kuongeza damu, mboga za majani na mayai akiyapata, na wako sahihi. Chumvi hakuna aliyemuuliza. Ilhali ubongo wa mtoto tumboni unategemea homoni ya tezi ya shingoni, na homoni hiyo haitengenezeki bila madini joto, yaani ayodini, yanayotiwa kwenye chumvi ya pakiti. Miezi mitatu ya mwanzo tezi ya mtoto bado haijaanza kazi, anatumia ya mama. Mama akipungukiwa sana mimba inaweza kutoka, au mtoto akazaliwa na akili nzito, pengine kiziwi, na ukubwani hakuna dawa ya kurudisha. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 za madini joto kwa siku, mjamzito 250. Hapo simwambii mtu azidishe chumvi, presha ya ujauzito tunaijua. Kiasi kilekile, ila yenye madini joto.

Sisi tuna na la ziada: ugali wa makopa. Muhogo mchungu una sumu, na ukianikwa haraka bila kulowekwa, nyingine inabaki. Mwili unapoipunguza makali unatoa kitu kinachoizuia tezi isinyonye madini joto. Kwa hiyo makopa na chumvi tupu sahani moja ni hasara mara mbili. Samaki wa baharini wangesaidia, lakini pweza akishafika Newala ana bei ya harusi.

Wifi simlaumu hata kidogo. Ananunua kilichopo, kwa hela iliyopo. Mimi nawatazama wanaoweza kulimaliza jambo hili kule kwenye mashamba ya chumvi ya Lindi na Mtwara, kabla gunia halijashonwa. Kazi yenyewe ni kunyunyizia chumvi maji yenye potasiamu ayodeti, dawa yenye hayo madini joto, na kuichanganya vizuri. Mzalishaji mdogo hana dawa wala pampu, na kumtishia faini hakumpi. Mikorosho yetu inapata salfa ya ruzuku, sioni kwa nini chumvi isipate.

Nilimwachia wifi pakiti mbili na kopo lenye kifuniko. Nikamwambia aitie mboga ikikaribia kuiva, maana moto na unyevu vinapunguza yale madini. Juzi kanipigia simu: kaka analalamika kisamvu hakikolei.

Nimemwambia aongeze nazi.