Nyumba Zisizolala Mtu

Ninakaa mashariki ya London, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifanya usafi wa usiku katika mnara mmoja wa fleti karibu na Canary Wharf. Kazi yangu ni korido na lifti, kwa hiyo milango naijua. Ipo ghorofa ambayo mikeka ya mlangoni bado mipya na visanduku vya barua vimejaa matangazo, kwa sababu wenye fleti hizo wako Hong Kong, Singapore au Ghuba, na walizinunua zikiwa bado michoro, ili fedha zao zipate pa kukaa.

Zamani hapo palikuwa bandari. Gati za West India zilifungwa mwaka 1980. Oktoba 1986 masharti ya soko la hisa la London yakalegezwa kwa mpigo mmoja, na benki kubwa za Marekani na Japani zilizomiminika zikahitaji kumbi pana ambazo majengo ya kale ya katikati ya jiji hayakuwa nazo. Kwenye gati tupu likasimama, mwaka 1991, jengo la One Canada Square lenye ghorofa 50. Baada ya mtikisiko wa fedha duniani wa 2008, riba ziliposhuka mno, fedha zilizokosa faida kwingine ziliingia kwenye nyumba zenyewe, na kodi ikawashinda waliozaliwa mtaani.

Mwaka huo huo wa 1986 Zanzibar, kwetu, nayo ilitunga sheria ya kuwalinda wawekezaji wa nje. Wengi wetu hudhani tuna kinga, kwa kuwa kwa sheria ya ardhi ya Zanzibar ya 1992 ardhi yote ni mali ya umma na mgeni hukodishwa tu. Kinga hiyo haitoshi, maana kinachobadilisha mikono ni haki ya kutumia, na mkataba wa miaka mingi kwa bei ya dola humtoa mtu mjini sawasawa na hati ya kununulia. UNESCO ilipoutangaza Mji Mkongwe kuwa urithi wa dunia mwaka 2000, zilizopata hifadhi ni kuta na milango ya nakshi, wakaaji hawakupata hifadhi hiyo.

Nilipokwenda Zanzibar mara ya mwisho nilipita kwa miguu kutoka Darajani, penye soko, hadi Kiponda, mtaa wa Mji Mkongwe. Baraza ambayo wazee walikuwa wakinywea kahawa baada ya alasiri imetandikwa mito ya rangi, na juu yake umewekwa ubao wa bei za vinywaji kwa dola. Mwenzangu niliyesoma naye chuoni kwa maalimu amehamia Tomondo, nje ya Mji Mkongwe. Kila alfajiri hupanda daladala kuja kutandika vitanda katika hoteli ambayo ilikuwa nyumba ya bibi yake. Aliponionesha dirisha la chumba alichozaliwa, sikuwa na la kumwambia.

Wazee wetu waliijua dawa ya jambo hili. Nyumba ikishawekwa wakfu haiuzwi, hairithiwi wala hairehenishwi, na kodi yake huenda msikitini, kwa maskini au kwa kizazi cha aliyeiweka. Naamini kwa dhati kwamba nyumba za wakfu za mjini zipangishwe kwanza kwa wakaaji, kwa shilingi, na kwamba kila anayeomba kibali cha kugeuza nyumba kuwa hoteli aulizwe waliomo watakwenda wapi.

Nyumba ya babu yangu, pale Kiponda, haikuwekwa wakfu. Warithi tuko 11, tumetawanyika Muscat, Dubai, Dar es Salaam na huku, na anayelala ndani ni shangazi peke yake. Mwaka huu amepatikana mnunuzi, na jamaa wananipigia simu nitie saini, wakisema mimi siishi huko, nyumba ya nini. Neno hilo hilo ndilo linalonizuia, kwa sababu mwenye nyumba asiyelala ndani namjua, nafagia mbele ya mlango wake kila usiku. Nimewajibu kwamba maadamu shangazi yu hai sitii saini, na nimewaomba twende kwa kadhi tukamuulize kama wale tunaotaka tunaweza kuyaweka mafungu yetu wakfu.