Umri wa Lubumbashi: tuhesabu barabara au mashimo?

Jioni moja kwenye matanga Kamalondo, mtaa mmoja wa Lubumbashi, baba yangu mdogo, mstaafu wa migodini, alimkatiza binamu yangu anayesoma historia chuo kikuu. Kijana alikuwa ametamka tu kwamba mji wetu huu wa Katanga, kusini mwa Kongo, ulianzishwa mwaka 1910. Mzee akauliza: "Na shaba, ilianzishwa mwaka gani?" Watu walicheka, chai ikaendelea kumiminwa. Mimi swali nilirudi nalo nyumbani.

Upande wa kijana una karatasi. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba, iliundwa mwaka 1906, ikahitaji tanuru karibu na mgodi wa Étoile na karibu na maji. Reli kutoka Rhodesia ikafika mwaka 1910. Émile Wangermée, mkuu wa utawala wa kikoloni Katanga, akasimamia upimaji wa barabara zilizonyooka, zinazokatana kama mistari ya daftari la hesabu, na mji ukapewa jina la Elisabeth, malkia wa Wabelgiji. Juni 1911 tanuru likatoa shaba ya kwanza. Jina la kijito, Lubumbashi, lilichukua nafasi ya Élisabethville mwaka 1966 tu. Hata sisi wenyewe tulitia sahihi hesabu hiyo: mwaka 2010 mji ulisherehekea miaka mia moja, na sikumsikia mzee yeyote akikataa kucheza.

Lakini huo mgodi wa Étoile una jina jingine, Kalukuluku, na hapo ndipo mzee anapoanza kupata nguvu. George Grey, aliyekuja kutafuta madini kuanzia mwaka 1899, hakuanza patupu. Alifuata mashimo ya watu waliomtangulia. Vilima vya shaba vinajitambulisha kwa upara wao: miti haipendi udongo ule, huota nyasi na maua madogo yanayostahimili sumu yake. Waliovisoma vilima hivyo kwanza ni mababu. Kiangazi, baada ya mavuno, walihamia machimboni, wakaponda malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu na kupuliza moto kwa mivukuto ya ngozi. Shaba iliyoyeyuka walimwaga katika kalibu zenye umbo la msalaba. Fundi hakuwa mtu wa ovyo. Alikuwa na dawa zake na miiko yake, na siri ya tanuru haikutolewa kwa kila mpita njia. Misalaba ile ilikuwa mali: ya mahari, ya biashara, ya kuzikwa nayo. Katika makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yaliyoanza kufukuliwa na wanaakiolojia mwaka 1957, wako wafu waliolazwa na misalaba ya shaba karne kadhaa kabla Mbelgiji wa kwanza hajaiona Katanga. Ndiyo maana watu wa huku waliitwa wala shaba. Waliishi kwa shaba kama wengine wanavyoishi kwa samaki.

Ningependa kuishia hapo na kumpa mzee ushindi. Tatizo ni kwamba Sanga iko mbali sana kaskazini, na ufundi wa nchi nzima si mji. Wengine hukimbilia Bunkeya, makao ya Msiri. Hapo hoja inazidi kupungua uzito. Msiri mwenyewe alikuwa mgeni, mfanyabiashara kutoka Unyamwezi aliyejijengea ufalme katika karne ya 19. Bunkeya yake haikuitangulia Lubumbashi hata kwa miaka mia. Kinachoipa sura ya ukale ni kifo chake. Tarehe 20 Desemba 1891 Mbelgiji, Kapteni Omer Bodson, alimpiga risasi, naye Bodson akapigwa risasi papo hapo, akafa kwa majeraha yake. Hadithi inasema kichwa cha mfalme kilikatwa, kikachukuliwa, na kila aliyekibeba akafa njiani. Naipenda hadithi hiyo, na sidhani ni upuuzi: ni namna ya kusema kwamba deni halijalipwa. Lakini ni hadithi ya Bunkeya, si ya mitaa yetu ya Lubumbashi iitwayo Kenya na Katuba.

Tena ukale una wateja wake. Mwaka 1960 mwanasiasa Moïse Tshombe alipoitenga Katanga na Kongo, bendera ya Katanga iliwekwa misalaba mitatu, na sarafu za 1961 zikabeba msalaba huohuo. Mababu wakageuzwa mashahidi wa serikali iliyokuwa ikisimama kwa msaada wa Wabelgiji na fedha za Union Minière. Tangu nisome habari hizo, mtu akiniambia "sisi ni wa kale hapa," namuuliza kwanza anataka kumfukuza nani.

Ila kijana naye asishangilie. Akisema 1910, picha inayokuja ni ya Wangermée na malkia. Je, waliobeba mataruma ya reli? Wenye kiwanda walileta watu kutoka Rhodesia, Kasai, baadaye hata Rwanda na Burundi. Wakawekwa kambini, wakapewa posho, wakafundishwa kuimba kwamba kazi njo (ndiyo) baba, njo mama. Kati ya mji wa wazungu na mitaa yao likaachwa pori tupu lisilojengwa. Kwa ajili ya afya, walisema. Desemba 1941 walipogoma kudai mshahara walimiminiwa risasi. Huo nao ni mwanzo wa mji, na wenyewe hauna sanamu inayolingana nao.

Ngano zilizozaliwa humu zinasema hayo kuliko nyaraka. Batumbula, wawindaji wa watu, waliwavizia watu usiku, wakawanenepesha kama nguruwe, kisha wazungu wakawala. Binamu yangu huziita hofu za wasiosoma. Mimi naona watu waliojua vizuri nani anamla nani. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani, aliandika historia ya Élisabethville kwa Kiswahili, mji ukionekana kutoka jikoni. Mji wa 1910 ni wetu kwa haki hiyo, hatuhitaji kuazima makaburi ya Kisale. Anayekwenda kutafuta uzee mbali anawaachia wazungu karne nzima iliyojengwa kwa mikono ya babu zake.

Kwa hiyo, nikilazimishwa, nachagua 1910, kwa sharti kwamba anayewatembeza wageni asiishie kwenye kanisa kuu na jengo la posta. Awapitishe Kamalondo. Awaonyeshe misalaba ya shaba kwenye jumba la makumbusho. Awasimamishe mbele ya ule mlima mweusi wa mavi ya shaba, takataka za tanuru, chini ya bomba refu la moshi, awaeleze kwamba hata wenyewe unaliwa tena: kwa zaidi ya miaka ishirini umekuwa ukichotwa kwa ajili ya kobalti iliyobaki ndani.

Nilimwomba baba mdogo anipeleke Kalukuluku nikayaone mashimo ya wazee. Akanitazama kama mtoto. Pale ni mgodi wa kampuni, akasema, huingii bila kibali, na hata ukiingia hutaona kitu: shimo kubwa limeyameza yale madogo.