Nani aliyemkana nani?

Siku tulipomzika mjomba wangu, mtu mmoja aliyemfahamu tangu ujana alinivuta kando akaniuliza kwa sauti ya chini: "Alirudi?" Nilielewa mara moja. Mjomba hakuamini kwamba Mungu yupo. Jambo hilo hakulificha wala hakulitangaza. Ukimuuliza alikujibu, usipomuuliza alikuachia sala zako. Mimi naamini. Nasali, na yeye nilimwombea kila siku ya ugonjwa wake. Lakini swali lile liliniuma na bado linaniuma, kwa sababu aliyeuliza hakutaka kujua mjomba aliishije wala alikufaje. Alitaka tu kujua aandikwe upande gani.

Tangu wakati huo nimekuwa nikiwasoma wanafalsafa na waandishi waliozungumzia kuamini na kutoamini, wa pande zote. Nimejikuta na kipimo kimoja ambacho sasa nakitumia kwa kila mmoja wao: natazama kwanza anamsemaje yule asiyekubaliana naye. Hoja zake nazipima baadaye.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili mtu kama mjomba tunamwita mkana Mungu. Sasa, kukana ni kitendo kizito. Mshtakiwa hukana shtaka. Baba humkana mwanawe. Petro alimkana Yesu mara tatu kabla jogoo hajawika, na kisa kile kinatuchoma kwa sababu Petro alimjua sana yule aliyesema hamjui. Huwezi kumkana usiyemjua. Kwa hiyo ukishamwita mtu mkana Mungu, kesi umeimaliza kabla hajafungua kinywa: Mungu yupo, mtu huyu anamjua, na amempa kisogo. Anachosema mwenyewe ni kitu kingine. Anasema, nimetazama, sikuona.

Wagiriki wa kale nao walikuwa na neno lao, atheos, yaani asiye na Mungu au asiyeamini, na walilirusha kama jiwe. Socrates alihukumiwa kifo huko Athens mwaka 399 KK, na miongoni mwa mashtaka yake lilikuwamo la kutoitambua miungu ya mji. Baada ya miaka zaidi ya mia tano jiwe lile lile likawapata Wakristo wa kwanza, kwa kuwa hawakuwa na sanamu wala hawakutoa kafara. Justin, aliyeandika kuwatetea, alikubali waziwazi: kuhusu miungu hiyo yenu, ndiyo, sisi ni atheoi. Na Polycarp, askofu mzee wa Smyrna, alipofikishwa mbele ya liwali wa Kirumi uwanjani, aliambiwa atamke maneno "Waondoe wasioamini" ili aokoke, yaani awalaani Wakristo wenzake. Masimulizi ya kifo chake yanasema mzee aliutazama umati ule wote, akaupungia mkono, akaugua, akainua macho mbinguni, ndipo akasema: "Waondoe wasioamini." Akachomwa moto. Kisa hiki nimekisoma mara nyingi. Liwali na askofu wametamka maneno yale yale, kila mmoja akimkusudia mwenzake, na katika uwanja ule pengine hapakuwa na hata mtu mmoja aliyejiona hana Mungu.

Nao wapo watu ambao hata swali lenyewe haliwagusi. Okot p'Bitek, mshairi na msomi wa Uganda, anasimulia kwamba mwaka 1911 mapadri wa Kiitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi, "Ni nani aliyewaumba?" Lugha ya wazee wale haikuwa na neno la kuumba kwa maana waliyoikusudia mapadri, basi swali likageuzwa kuwa "Ni nani aliyewafinyanga?" Wazee wakashangaa. Mtu huzaliwa na mama yake. Walipozidi kubanwa, mmoja wao akakumbuka kwamba wapo wanaozaliwa wazima, kisha wakapatwa na ugonjwa wa uti wa mgongo unaowapinda wakawa na kibiongo, na ugonjwa huo huletwa na pepo aitwaye Rubanga. Akajibu: Rubanga ndiye anayewafinyanga watu. Mapadri wakaondoka wameridhika, wakaanza kuhubiri kwamba Rubanga ndiye Baba Mtakatifu aliyewaumba Waacholi.

Okot hakukisimulia kisa hiki ili tucheke. Alikuwa na ugomvi mkubwa na wasomi wa wakati wake, akiwemo John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya, aliyeandika mwaka 1969 kwamba Waafrika ni watu wa dini kupindukia. Okot aliona kwamba wasomi hao wameivisha miungu ya Kiafrika majoho ya Kigiriki: mwenye kujua yote, mwenye kuweza yote, asiye na mwanzo. Mimi ni muumini, ningependa Mbiti awe amesema kweli, na nadhani katika mengi alisema kweli. Hata hivyo wale wazee siwezi kuwasahau. Hawakuwa wanaamini wala hawakuwa wanakana. Walikuwa wanajitahidi kumjibu mgeni kwa adabu.

Zaburi ya 14 inasema, "Mpumbavu amesema moyoni, Hakuna Mungu." Mstari huu nimeusikia ukitumika kama rungu tangu utotoni. Anselm, mtawa wa karne ya 11 aliyekuja kuwa askofu mkuu wa Canterbury, aliutumia kwa namna nyingine. Alijenga hoja kwamba hata mpumbavu huyo, akishaelewa maana ya "kile ambacho hakuna kikubwa zaidi kinachoweza kufikiriwa", amelazimika kukubali kwamba kipo. Mtawa mwenzake, Gaunilo, akamwandikia jibu kwa niaba ya mpumbavu. Alimwambia kwamba kwa njia hiyo hiyo unaweza kuthibitisha kuwapo kwa kisiwa kizuri kuliko visiwa vyote, ilhali hakuna baharia aliyewahi kukifikia. Gaunilo mwenyewe alikuwa muumini, lakini aliona mpumbavu hajatendewa haki. Anselm akamjibu, kisha akaagiza kwamba kuanzia siku hiyo anayenakili kitabu chake anakili na pingamizi la Gaunilo pamoja nacho. Hoja ya Anselm hainishawishi hata leo. Kwa agizo lile tu nampenda.

Al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu wa karne ya 11, alikwenda mbali zaidi. Katika kitabu alichoandika miaka ya mwisho ya maisha yake anasema kwamba tangu hajafika umri wa miaka 20 alikuwa akijitosa katika kila kina cha itikadi za watu. Hakumwacha mwanafalsafa bila kutaka kuujua undani wa falsafa yake, wala zindiki, yaani mtu aliyeikataa dini moyoni, bila kuchunguza ni nini kilichompa ujasiri wa uzindiki wake. Kisha shaka ikamwingia yeye mwenyewe. Alianza kuyashuku macho: kivuli unakiona kimetulia, kumbe kinasogea, nyota unaiona ndogo kama dinari, kumbe ni kubwa kuliko dunia. Kama macho yanadanganya, akili je? Alikaa hivyo karibu miezi miwili, bila kutamka lolote mbele za watu. Na anakiri kwamba hakuponywa kwa hoja zilizopangwa, aliponywa kwa nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake. Huyu ndiye huyo huyo aliyewahukumu wanafalsafa kuwa makafiri kwa masuala matatu, na jambo hilo linanitatiza. Lakini muumini anayekubali kuandika kwamba hoja zilimwishia, huyo namwamini.

Kizazi kimoja kabla yake aliishi Syria mshairi kipofu, al-Ma'arri, aliyefariki mwaka 1057. Mashairi yake yalizikejeli dini zote, na wataalamu wanabishana hadi leo kama alikuwa muumini au la. Mwaka 2013, katika vita vya Syria, wapiganaji waliiendea sanamu yake katika mji aliozaliwa wakaikata kichwa. Miaka karibu elfu moja imepita na bado kuna watu wanataka kujua aandikwe upande gani.

Aliyenitikisa kuliko wote ni Dostoevsky, mwandishi wa riwaya wa Urusi. Alikuwa Mkristo, na tena Mkristo wa kugombana. Mwaka 1878 alimzika mwanawe Alyosha, mtoto ambaye hata miaka mitatu hakuitimiza. Mwaka uliofuata alianza kuchapisha hadithi ya ndugu wa ukoo wa Karamazov, na mdogo wao, kijana mpole wa monasteri, akampa jina hilo la Alyosha. Kisha akamkalisha mbele ya kaka yake Ivan, na Ivan akapewa nafasi ya kusema kila kitu. Anasimulia habari za mtoto wa miaka minane aliyemjeruhi mbwa wa jenerali kwa jiwe. Jenerali akaamuru mtoto avuliwe nguo, akimbie, kisha akamwachilia kundi zima la mbwa mbele ya macho ya mama yake. Ivan anamuuliza mdogo wake: mtu huyu afanywe nini? Na Alyosha, mtu wa Mungu, ananong'ona: "Apigwe risasi." Ivan hasemi kwamba Mungu hayupo. Anasema kwamba ikiwa furaha ya milele imejengwa juu ya machozi ya mtoto yule, basi yeye tiketi yake anairudisha, kwa heshima zote. Dostoevsky alimwandikia mhariri wake kwamba hoja hiyo ya Ivan aliiona haipingiki. Muumini aliyetoka kumzika mwanawe alikaa mezani akampa mpinzani wake silaha kali kuliko zote alizozijua. Wahubiri wanaotaka kuzungumza juu ya wasioamini ningependa waanzie hapo.

Upande wa pili nao una watu wa namna hiyo, ila husomwa nusunusu. Karl Marx, mwanafalsafa wa Ujerumani, kila mtu anamjua kwa maneno matatu: dini ni kasumba. Katika Kiswahili tumelichukua neno kasumba tukalifanya liwe mawazo mabaya yaliyopandikizwa kichwani, kwa hiyo sentensi yake inatufikia ikiwa kali kuliko alivyoiandika. Zama zake kasumba, yaani afyuni, iliuzwa katika maduka ya dawa, na watu waliitumia kutuliza maumivu. Na maneno yanayotangulia yanasema dini ni pumzi anayoishusha kiumbe aliyeonewa, ni moyo wa ulimwengu usio na moyo. Nietzsche, mwanafalsafa mwingine wa Ujerumani, naye: yule mwendawazimu wa hadithi yake anayekimbilia sokoni asubuhi na taa mkononi akipiga kelele kwamba Mungu amekufa hawaambii waumini. Anawaambia wasioamini, ambao wanamcheka, na anawaonya kwamba hawajui walichokitenda.

Kwa kipimo changu, The God Delusion, kitabu cha mwaka 2006 cha Richard Dawkins, mwanabiolojia asiyeamini, hakifiki mbali. Hoja zake nyingi zinastahili majibu, na baadhi ya viongozi wetu wa dini wangefaidika kwa kuzisoma. Ila nilikimaliza bila kukutana na muumini hata mmoja ninayemfahamu. Mahubiri mengi niliyoyasikia juu ya wasioamini yana upungufu huo huo. Mjomba simwoni humo.

David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti asiyeamini, ninamwona. Tarehe 7 Julai 1776, zimebaki wiki saba afariki, alitembelewa nyumbani kwake Edinburgh na mwandishi James Boswell, aliyetaka kujua kama mtu huyu bado anakataa maisha ya baada ya kifo hata sasa ambapo kifo kiko mlangoni. Alimkuta amekonda, ametulia, anasoma kitabu. Akamuuliza kama haiwezekani kuwepo uhai mwingine. Hume akajibu kwamba inawezekana pia kipande cha makaa kikatiwa motoni kisiungue. Je, wazo la kutokuwepo tena halimtishi? Akasema halimtishi hata kidogo, kama lisivyomtisha wazo kwamba zamani hakuwepo. Boswell aliondoka amefadhaika yeye. Alikuwa amekwenda kuuliza kama mgonjwa amerudi.

Adam Smith, mwanauchumi na rafiki wa Hume, aliandika barua ya wazi kueleza jinsi rafiki yake alivyokufa kwa utulivu, na kwamba alikuwa mtu mwema karibu kadiri udhaifu wa binadamu unavyoruhusu. Baadaye alisema barua ile ilimletea matusi mara kumi zaidi ya kitabu chake ambamo aliushambulia mfumo wote wa biashara wa Uingereza. Kosa lake lilikuwa kusema kwamba asiyeamini alikufa vizuri.

Barua ninayoirudia mara kwa mara ni nyingine. Emma, mke wa Charles Darwin, alikuwa muumini, na karibu na wakati wa ndoa yao, mwaka 1839, alimwandikia mumewe kwamba shaka zake zinamtia hofu. Aliogopa wasije wakatengana milele. Hakumwita mpumbavu wala hakumtisha kwa moto. Alimwambia tu kwamba kila kinachomhusu yeye kinamhusu na mkewe. Mwaka 1851 walimpoteza binti yao Annie akiwa na miaka 10, na wengi wanaona kwamba imani ya Darwin haikupona. Aliishi na Emma hadi alipofariki mwaka 1882, na barua ile aliitunza miaka yote. Chini ya maneno ya mkewe aliongeza ya kwake, kwamba atakapokuwa amekufa, ajue kuwa mara nyingi aliibusu barua hii na kuilia.